Nilimtetea Mfalme Richard, Wapwa Wangu Wakakosa Shamba

Kosa ni langu. Niseme hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi ya kupumua tu, mdomo wangu huanza kujitafutia wakili.

Mhariri, jina langu usiliandike. Ingawa hapa mtaani Kondele wakifika aya ya tatu watapiga kelele, "Ah! Si huyu ni Baba Richard!"

Na sina mtoto anayeitwa Richard. Nina Akinyi na wadogo zake wawili, wote wasichana. Huyo Richard ninayeitwa babake alikuwa mfalme wa Uingereza, akauawa vitani yapata miaka mia tano iliyopita. Mimi nilijipa kazi ya kumtetea. Hakunituma. Hakunilipa. Na aliponiponza hakuja hata kunipa pole!

Wewe unayesoma, sogea karibu nikueleze. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka hadi siku niliyokatika kicheko.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaume wengine wa rika langu wanapenda baa, wengine siasa, wengine wake za watu. Mimi napenda kiti. Kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazini, wenzangu walilia getini. Mimi nilirudi nyumbani nikavua viatu. Mke wangu, Mama Akinyi, ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka asubuhi. Mimi nilibaki barazani na cherehani, nikishona marinda ya shule na kugeuza kola za mashati zilizochakaa.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Kwa muuza vitabu vya mtumba mjini nilichukua kitabu kimoja cha historia, chakavu, jalada hakina. Historia niliipita vizuri kidato cha nne, basi nikajiona profesa aliyekosa karo tu. Nikakisoma mpaka kikalegea kama mkate uliolowa chai.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mfalme Edward alikufa, akaacha wavulana wawili wadogo. Ndugu yake, huyu Richard, akawa mlezi wao. Wavulana wakawekwa ndani ya ngome ya London. Mara ikatangazwa kwamba ndoa ya baba yao haikuwa halali, kwa hiyo hawawezi kurithi. Taji akalivaa baba yao mdogo. Wale watoto hawakuonekana tena. Miaka miwili baadaye Richard akauawa vitani, na mshindi akakikalia kiti chake.

Tangu siku hiyo kila mwenye kalamu akaandika jambo lile lile: Richard aliwaua watoto. Richard alikuwa na kibyongo. Richard alizaliwa na meno!

Upuuzi mtupu! Na ni nani walioandika? Watu waliokuwa wakila katika sahani ya yule aliyemuua. Tunawajua watu wa namna hiyo, hata hapa kwetu wako tele. Mkubwa mpya akija, wanamtungia wimbo wa sifa. Akiondoka, wanamtungia wa matusi, kwa sauti ile ile, wamevaa suti ile ile. Mbona hawakuandika kwamba huyo Richard alitunga sheria mali ya mshukiwa isiguswe kabla hajahukumiwa? Mbona hawakusema ni nani aliyeonyeshwa maiti za watoto? Walibuni meno!

Mpaka leo nasema hivyo. Kwa hilo sitaungama.

Lakini nilikuwa kero, aki ya Mungu. Hakuna mteja aliyeondoka barazani kwangu bila kubebeshwa Richard.

"Baba Akinyi, rinda la mtoto liko tayari?"

"Kaa kwanza mama, nikuulize. Mtu akishtakiwa kwa kuua, na maiti haipo, hiyo ni kesi?"

"Maiti ya nani? Mimi nimekuja kuchukua rinda!"

Wakaanza kuniita Baba Richard. Watoto wa mtaani wakipita wananipigia saluti. Mama Akinyi akirudi na madaftari ya kusahihisha ananiambia, "Watu wengine waume zao wanawaletea habari za wanawake wengine. Mimi wangu ananiletea Mwingereza." Nami nilimdharau moyoni! Nikasema huyu anafundisha darasa la tatu, atajua nini kuhusu wafalme? Niliwadharau wote. Mtu asiyetoka nyumbani huona uwanja wake kuwa ndio dunia, na yeye akiwa ndiye mkuu wa wilaya.

Sasa niingie kwenye kosa.

Nina dada mmoja tu, mdogo wangu, aliolewa huko Kombewa. Mumewe alikuwa mtu mpole, fundi wa baiskeli, wakajaliwa wavulana wawili, Otieno na Ochieng. Shemeji huyo akaugua, ugonjwa usiotaka kuondoka. Siku moja akaniita nifike upesi.

Nilimkuta amesimama shambani, ameshika fimbo, koti linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Kando yake alikuwa ndugu yake mdogo, Wasonga. Shamba lao lilikuwa bado katika jina la babu, kama mashamba mengi ya kule. Hakuna karatasi. Kwetu baba akitaka kuwagawia wanawe, hutembea mpakani kwa miguu yake na kusema kwa mdomo wake, na mtu mwingine akiona. Basi.

"Shemeji," akaniambia, "nimekuita wewe kwa sababu wewe huwezi kulima hapa. Wakwe hawarithi. Watu wa kwetu wote wana majembe."

Nikacheka. Wasonga pia akacheka, kidogo.

Tukatembea pole pole. Akapumzika mara kwa mara. Akaonyesha kwa fimbo: kutoka ua wa minyaa, kushuka hadi kijito, na boma lake ndani yake, hiyo ni sehemu ya Otieno na Ochieng. Juu, upande wa barabara, ni ya Wasonga. "Wasonga, umesikia?" "Nimesikia, kaka." "Shemeji, umeona?" "Nimeona."

Nimeona! Neno hilo nililitamka kwa mdomo huu huu ninaolia ugali.

Haukupita muda akafa. Tukamzika bomani kwake, kama inavyotakiwa. Otieno alikuwa na miaka kumi na miwili, Ochieng tisa. Umri ule ule wa wale watoto wa ngome ya London! Na mimi msomi, nilipogundua hilo, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema, tazama jinsi historia inavyofanana! Mjinga wa kiwango hicho humpati hata sokoni.

Msimu uliofuata Wasonga akapeleka plau kule chini kijitoni, kwenye udongo mweusi. Dada yangu akamuuliza, akajibiwa kwamba marehemu aliazimwa tu sehemu ile. Dada akaenda kwa chifu, siku ya wazee wa ardhi ikapangwa. Kisha akaja Kondele, akakaa kwenye benchi langu la wateja, leso yake imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka vitani.

"Kaka, sina shahidi mwingine. Wengine wote ni watu wa ukoo wao. Waambie tu ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

"Hilo tu?" nikamwambia. "Hilo ni jambo dogo, dada yangu. Mimi nimezoea kesi kubwa."

Alinitazama. Akasema, "Hii ni ndogo. Ifanye iwe ndogo."

Angalijua!

Siku chache baadaye nani anabisha hodi? Wasonga. Amebeba samaki wawili wakubwa, ngege wa ziwani, waliofungwa kwa kamba. Nilijitayarisha kumfukuza, naapa. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Lakini yeye hakutaja shamba hata kidogo. Alikaa, akavua kofia, akasema:

"Shemeji, nasikia una habari za mfalme mmoja aliyesingiziwa. Nieleze basi."

Jamani! Miaka yote ile hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza! Ni mimi niliyekuwa nikiwakimbiza watu na Richard, nao wakikimbia. Na huyu ametoka Kombewa yote, amekuja kuniuliza!

Nilimweleza kila kitu. Ngome, taji, kibyongo, meno. Alikuwa akitikisa kichwa pale pale panapostahili kutikiswa. "Yawa! Kwa hivyo kaka akifa, ndugu anayebaki ni muuaji tu? Hata akiwa mlezi?" "Ndivyo wanavyosema!" "Na ushahidi?" "Hakuna!" "Shemeji, dunia haina shukrani." Tulikaa hadi Mama Akinyi akarudi. Samaki walikuwa wameanza kunuka na hakuna aliyewaangalia.

Wengine watasema nilihongwa samaki. Wacha nicheke. Samaki ni hongo ya mtu mwenye tumbo. Mimi nilinunuliwa kwa masikio ya mtu, na hata hayakuwa masikio mazuri.

Wasonga alipoondoka, mke wangu aliweka madaftari chini akasema, "Nimewasikia kutoka jikoni. Huyo mtu hajauliza hata mara moja kama wale watoto walipona. Ameuliza habari za taji tu."

"Wewe huelewi mambo ya historia," nikamjibu.

Akaanza kuparua samaki magamba, kwa nguvu.

Siku ya siku ikafika. Wazee walikaa kwenye benchi ndani ya ukumbi wa chifu, mabati yanachemka juu. Dada yangu upande mmoja na wanawe, Wasonga upande wa pili amevaa shati jeupe. Nikaitwa. Nilikuwa nimepiga pasi suruali mara mbili, kama bwana harusi.

Mwenyekiti, mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, akaniuliza swali moja tu: "Shemeji, marehemu alipoonyesha mpaka, ulipita wapi?"

Ningeinua mkono, nikasema minyaa hadi kijito, nikakaa. Hapo hapo ungekuwa mwisho wa habari, na leo nisingekuwa nakuandikia.

Badala yake nikasafisha koo. "Wazee wangu, kabla sijajibu, niwakumbushe habari za Mfalme Richard."

Wazee wakatazamana. Mmoja, aliyekuwa akichokonoa meno, akatoa kijiti mdomoni.

"Richard huyo ni wa ukoo gani?"

"Wa York, mzee."

"York ni huko Asembo?"

"Ni Uingereza."

"Amefungua mashtaka hapa?"

"Hapana mzee, alikufa."

"Basi mwacheni apumzike. Mpaka ulipita wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na hapo ndipo shetani aliponikalia vizuri, kwa sababu mtu akinicheka mimi hupandisha sauti. Nikawaona wote wajinga, wazee wazima wasiojua kitu! Nikasema lazima niwafundishe. Nikazungumza! Nikasema dunia ina tabia mbaya ya kumshuku ndugu wa marehemu. Nikasema kumshuku mlezi kabla hajakosa ni kumhukumu bila ushahidi. Jasho likanitoka, nilipendeza, wallahi nilipendeza.

Kisha nikatamka hili: "Marehemu alionyesha mahali, ndiyo. Lakini mtu mgonjwa huonyesha mengi. Mimi naona baba mdogo ashike shamba lote kama mlezi, mpaka vijana wakomae."

Yule mzee akarudisha kijiti mdomoni.

Mwenyekiti akageuka kwa dada yangu polepole. "Mama, huyu ni shahidi wako au ni wa Wasonga?"

Dada yangu hakulia. Akaniuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama chumvi imeisha: "Kaka, ni hayo tu?"

Nami nikajibu, "Ni hayo tu."

Nilirudi Kondele nikiwa nimeshinda. Sikujua nimemshinda nani.

Sasa sikiliza historia ilivyoandikwa. Wazee waliamua kama nilivyowashauri. Wasonga akaandikisha shamba lote, hati ikatoka kwa jina lake peke yake. Ile habari ya "mlezi" haikufika kwenye karatasi. Karatasi haina nafasi ya hotuba. Wala Wasonga sikumwona tena Kondele. Nilikuwa nimepata hoja mpya nzito kuhusu kifo cha Richard, nikamtunzia. Hakuja! Nilimtumia salamu, akajibu kwamba ana shughuli.

Shughuli yenyewe ilikuwa kuuza. Ile sehemu ya chini aliiuzia mtu wa mjini mwenye kuchoma matofali. Udongo ule mweusi ambao shemeji wangu aliuonyesha kwa fimbo ukafinyangwa, ukachomwa, ukapakiwa kwenye lori. Wewe umewahi kuona shamba likipanda lori? Mimi nimeona. Niliposhuka kule nilikuta mashimo yenye maji na vyura, na kaburi la shemeji limeachwa katikati, limeinuka peke yake kama kisiwa. Nyumba ya dada yangu ilikuwa imeshabomolewa. Yeye na watoto walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na soko la Kombewa.

Nilikimbia kwa chifu. Nikawaomba wazee waniite tena, niseme ukweli, niseme minyaa na kijito. Yule mzee wa kijiti akanitazama chini hadi juu.

"Safari hii umekuja na mfalme yupi?"

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Akasema, "Shemeji, tulikuuliza. Tulikuuliza mara mbili." Akafungua faili la watu wengine.

Nilitaka kumchukia Wasonga, na namchukia, fisi yule mwenye shati jeupe. Lakini hata chuki yangu kwake haina miguu. Yeye alitaka shamba, akalitafuta kama mwizi yeyote. Mimi nilitaka nini? Nilitaka kusikilizwa! Niliuza urithi wa watoto kwa kutikiswa kichwa! Mwizi ana faida yake. Mimi hata ile faida sina. Kuna mtu duni kuliko huyo?

Ilinichukua muda mrefu kupata uso wa kwenda kwa dada yangu. Nilipofika alinipa kiti, akanipa chai. Alikuwa na heshima kiasi cha kutisha. Mtu akikukasirikia bado wewe ni ndugu yake. Dada yangu alinikaribisha kama mgeni kutoka kanisani.

Otieno alikuwepo, siku hizo ameshakuwa kijana mrefu. Masomo aliyaacha, anapakia mizigo kwenye soko la Sondu, alikuwa amekuja kumwona mamake. Kwa umri wake alipaswa kuwa amejenga simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana, karibu na lango la babake. Lango liko wapi? Vijana wa umri wake wanaitwa wanaume. Yeye analala kwenye ghala la mtu.

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno, unanijua sasa. Otieno akainua mkono, taratibu, bila ubaya.

"Mjomba, nikuulize jambo. Wale watoto wa mfalme wako, walizikwa wapi?"

Nikamwambia ukweli. "Hakuna anayejua, mwanangu."

Akanywa chai yake ikaisha. Akaweka kikombe chini.

"Na mimi na Ochieng tutazikwa wapi?"

Ee Mungu wangu! Nilimtazama dada yangu anisaidie. Alikuwa anaosha vikombe.

Tangu siku hiyo nashona nimenyamaza. Watoto wakipita na kunipigia saluti nainamia sindano. Sehemu ya pesa za kila ninachoshona inaenda Kombewa, kwa sababu nataka Ochieng amalize shule. Dada anazipokea na kuniandikia asante. Usinisifu! Mtu akikuvunja mguu kisha akakununulia mkongojo, humwiti mfadhili.

Na bado nasema Richard alisingiziwa. Ona ubaya wake: hilo halijabadilika hata kidogo. Nilikuwa na haki kabisa kwa habari za mtu aliyekufa Uingereza, na haki hiyo ikanitia upofu kwa habari za watoto waliokaa mbele yangu kwenye benchi, miguu haijafika chini.

Kwa hiyo wewe mwenye kusoma magazeti, wewe mwenye kidato chako cha nne na kitabu kisicho na jalada, sikia mjinga anakwambia. Mtetee mfalme unayemtaka, Jumapili, ukishiba, kwa watu wasio na kesi. Lakini mtu akikuita uone jambo, kisha wazee wakuulize uliona nini, sema uliloona, uketi. Usipambe. Usifundishe. Na akija mtu ambaye hajawahi kukutembelea, akavua kofia na kuomba umweleze lile jambo ambalo kila mtu hulikimbia, muulize kwanza anataka nini.

Mfalme atasubiri. Aliyekufa hana haraka. Ni watoto ndio wanaokua.